Ziwani Hakuna Mwenye Jina

Jumamosi ambazo mvua haikunyesha, wazungu walikuja Jipe kutembezwa ziwani. Vita vikuu vya pili vilikuwa vimekwisha, petroli imeanza kupatikana tena, na maofisa wa boma na watu wa reli waliokaa Same walikuwa na hamu ya kuona kitu kingine zaidi ya vumbi. Wengine walitoka Moshi. Walipanda mashua ya mbao iliyoletwa kwa treni hadi Lembeni na kubebwa vichwani mpaka ukingoni, wakazungushwa kuangalia viboko na ndege, kisha wakarudi kunywa chai. Aliyewazungusha alikuwa mume wangu. Aliyepika chai nilikuwa mimi, na nasema bila aibu kwamba chai yangu ilisifiwa kuliko viboko.

Mimi si mtu wa ziwa. Nilizaliwa Gonja, juu mlimani, ambako maji ni ya mfereji, yanakwenda kwa zamu shambani kwa huyu na kwa yule, na usipochunga zamu yako mnagombana. Maji ya kugombaniwa nayaelewa. Mume wangu alikuja kwetu misheni kujifunza useremala. Alikuwa mrefu, mwenye maneno machache, na nilimpenda kwa sababu alinyamaza pale vijana wengine walipojigamba. Sikujua kwamba kunyamaza ndiko alikofundishwa kwao.

Tulipooana akanileta Jipe kwa wazazi wake. Ziwa lenyewe sikulipenda, wenyeji wanisamehe. Halina ukingo wa kueleweka. Unakanyaga unachodhani ni nchi kavu, kumbe ni mafunjo yaliyosongamana juu ya maji, na chini ya miguu yako yanatikisika. Kipande kikubwa kama uwanja wa kanisa hukatika, kikasukumwa na upepo, na njia uliyopita asubuhi jioni haipo. Halafu kuna kivuli. Jua likianza kushuka nyuma ya milima ya Upare, kivuli cha milima huingia ziwani upande wetu na kutembea taratibu juu ya maji kuelekea Kenya. Ng'ambo bado ni mchana, unaona mpaka ng'ombe wa watu, na huku wewe umeshaingiwa na baridi. Kivuli kinapopita, vyura hunyamaza. Mara ya kwanza niliona ni kitu cha ajabu tu. Baadaye nikawa naingia ndani kabla hakijafika.

Kabla ya kusukuma mashua, mume wangu aliwapanga wageni ukingoni na kuwaambia maneno yaleyale.

"Mabwana na mabibi, ziwani hakuna mwenye jina. Atakayekaa mbele ni wa mbele, atakayekaa nyuma ni wa nyuma. Mimi ni mwenye upondo, huu mti wa kusukumia. Msiitane majina mpaka turudi nchi kavu. Ukisikia jina lako, usiitike. Ukitaka kitu, gonga ubao."

Kisha aliwaonyesha namna ya kugonga ubavu wa mashua kwa kifundo cha kidole. Watu wa ziwa wote waligonga hivyo, na kila mtu alikuwa na namna yake ya kugonga inayojulikana. Ya mume wangu ilikuwa pigo refu, akatulia, halafu mapigo mawili ya haraka. Wazungu walifurahi mno. Walipanda mashua wakicheka, wakiitana "wa mbele" na "wa nyuma" kama watoto. Mimi nilidhani ni maigizo ya kuwachangamsha.

"Unajua kuwachezea hawa," nilimwambia jioni moja.

Hakucheka. Alisema chai ilikuwa na chumvi kidogo, jambo ambalo halikuwa kweli.

Nilikuja kujua kwamba si maigizo kwa kosa langu mwenyewe. Siku moja chakula kiliiva, naye alikuwa majini karibu tu, anatengeneza mtego wa samaki. Nikasimama ukingoni nikamwita kwa jina. Najua mke hamwiti mume wake jina mbele ya wakwe, hata kwetu mlimani ni utovu wa adabu, lakini tulikuwa bado hatuna mtoto wa kumwitia, na shule ya misheni ilikuwa imenipa ulimi mrefu. Nilitegemea kukemewa kwa hilo. Sikukemewa. Wanawake waliokuwa wanachota maji wakatua vyombo vyao. Mama mkwe akaingia majini mpaka magotini, akayapiga maji kwa kiganja, kofi kubwa, kama anayemzaba mtu. Mume wangu, ambaye ningeweza kumfikia kwa jiwe la kutupwa, hakugeuza hata shingo.

Aliporudi akala, akanawa. Nikamwambia, "Nilikuita."

"Nilisikia."

"Mbona hukuitika?"

"Nilisikia jina. Ndiyo maana."

"Lakini ilikuwa sauti yangu!"

"Na wao huja na sauti ya mtu unayemjua," akasema, akatoka nje.

Aliyenieleza hao "wao" ni akina nani alikuwa baba mkwe, na alinieleza mara moja tu. Wakati wa vita vya Mjerumani na Mwingereza, ziwa likiwa mpakani, wapagazi walipitishwa kwenye mafunjo wakiwa na mizigo vichwani, katika nchi wasiyoijua. Mafunjo yakakatika nao. Waliitana majina jioni nzima.

"Ninyi mlikuwa wapi?" nikauliza.

"Tulikuwa hapa ukingoni. Tuliwasikia. Tuliogopa askari, tukanyamaza." Akatazama mikono yake. "Kabla ya hapo watu waliitana tu ziwani, mwanangu. Lakini tangu siku ile bado wanaita. Wamejifunza na majina yetu."

Nilimwonea huruma mzee, nikaona ni jambo la majuto yake na si la maji. Niliendelea kupika chai.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe. Wageni walikuwa wawili, bwana mmoja wa reli wa pale Same na mke wake. Bibi alikuwa mchangamfu, alinisalimia kwa Kiswahili cha kubahatisha na akaomba nimwekee mkate wa kuoka usiwe wa moto sana. Mume wangu akawapa maneno yake, wakapanda, wakaingia kwenye mfereji wa maji unaopita katikati ya mafunjo. Nikawasikia wakigonga ubao na kucheka, kisha sikusikia kitu.

Upepo ulianza wakiwa huko. Ulitoka upande wa Taveta, ukaja kwa nguvu na kukaa. Nikaona mafunjo yanasogea. Ukiyaangalia moja kwa moja huoni kitu, lakini ukiangalia kando kisha ukarudisha macho, mahali palipokuwa na maji pana majani. Chai ikapoa. Nikaichemsha tena, ikapoa tena. Wanaume wawili wa jirani wakaingia na mtumbwi kwa njia ile ya kawaida, wakarudi wakasema imefungwa kabisa. Baba mkwe aligonga debe ukingoni ili mashua ijibu kwa kugonga. Tulisikiliza. Haikujibu.

"Upepo utageuka usiku," baba mkwe akasema. "Mafunjo yatafunguka. Tungoje."

Usiku ndipo viboko hutoka kwenda kula. Hakuna aliyelisema hilo, lakini hakuna aliyekuwa hajui. Nilisimama pale nikamwomba Mungu kwa Kipare, maana niliona Kiswahili kingechelewa.

Kivuli cha milima kikaja. Kikapita miguuni petu, kikaingia majini, na vyura wakanyamaza. Ndipo nikasikia naitwa.

Niliitwa kwa jina la nyumbani. Jina la ubatizo kila mtu pale alilijua, lakini hili lilikuwa lile alilonipa bibi mzaa mama nikiwa mgongoni kwake, na bibi alikuwa ameshakufa. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja anayelijua, nami nilimwambia gizani, siku za mwanzo za ndoa yetu. Na sauti ilikuwa yake. Haikupazwa. Iliita kama mtu aliye chumba cha pili anayetaka kujua uko wapi.

Niliwatazama wengine. Walikuwa wamesikia. Hawakulijua jina, lakini walijua kwamba ni jina.

"Usiitike," baba mkwe akasema.

"Ni yeye, baba."

"Mwanangu hawezi kuita. Amezaliwa hapa. Angegonga."

"Na kama hawezi kugonga?"

Sauti ikaita tena, kutoka kushoto, upande ambao mto Ruvu unatoka ziwani, kwenye vijia vyembamba ambako wanawake hutega samaki. Hakuna aliyekuwa ametafuta huko, kwa kuwa mashua kubwa haipiti. Baba mkwe akanishika mkono. Aliogopa mzee wa watu, na mimi nilikuwa na hofu kubwa kuliko yake, nisidanganye. Lakini nilifikiri, kama ni mume wangu na nikanyamaza, nitaishi vipi? Nikakumbuka macho ya mzee alipotazama mikono yake.

"Abee!" nikaitika. "Abee! Niko hapa!"

Watu wakajitenga nami. Sisemi walikimbia, walirudi nyuma tu, kila mmoja hatua chache, mpaka nikabaki peke yangu kwenye matope. Sauti haikuita tena. Nilisukuma mtumbwi mmoja mdogo, nikaona mtu amekamata ncha ya pili. Alikuwa mama mkwe, amejifunga kanga kiunoni, upondo mkononi.

"Umeshaitika," akasema. "Sasa twende ukaone umemwitikia nani."

Tuliingia vijia vya mitego. Yeye alisimama nyuma akisukuma, mimi mbele nikitenganisha mafunjo kwa mikono mpaka ikachanika. Akitaka niiname, aligonga mara moja. Akitaka nivute, aligonga mara mbili. Nyuma yetu ukingo ulipotea. Ng'ambo kule Kenya, juu ya ncha za mafunjo, niliona jua bado linawaka kwenye vilima, na jambo hilo lilinitisha kuliko giza. Nilihisi tumeachwa upande usio sahihi wa siku.

Tukaikuta mashua. Ilikuwa imesukumwa huko na upepo, ikabanwa kati ya vipande viwili vya mafunjo, imeinama upande, na bwana na bibi wamekaa wameshikana mikono, hawajasogea hata kidogo. Mume wangu alikuwa amelala kwenye sakafu ya mashua, kichwa kimefungwa kitambaa cha bibi, damu imekauka mpaka sikioni. Nikaweka mkono kifuani kwake. Ulikuwepo uhai.

Bwana wa reli alieleza kwa sauti ya chini sana. Kiboko aliinuka chini ya mashua, upondo ukamponyoka mwenye upondo na kumpiga kwenye paji la uso. Jua lilikuwa bado juu. Tangu hapo hajafumbua macho.

"Hajasema kitu?" nikauliza.

"Hajasema neno," bibi akajibu.

"Basi ni ninyi mliita."

Wakatazamana. "Mume wako alituambia tusiite," bwana akasema. "Na viboko walikuwa hapa karibu. Hatukuthubutu hata kugonga."

"Lakini mmesikia sauti ikiita."

"Tulisikia sauti moja tu," bibi akasema, na akanishika kiganja kwa vidole vya baridi. "Sauti yako. Ulisema 'abee.' Tukashangaa ni nani aliyekuita."

Mama mkwe aligonga ubao, pigo moja kali, tukanyamaza wote. Tukampakia mume wangu kwenye mtumbwi, tukawavuta wale wawili na mashua yao kwa kamba, kwa maana upepo ulikuwa umeanza kugeuka na mafunjo kuachiana.

Alifumbua macho kesho yake, akataka uji. Nikamlisha, nikalia, nikamgombeza, nikamlisha tena. Alipopata nguvu ya kukaa, nikamwambia, "Uliniita."

"Nani, mimi?"

"Kwa jina alilonipa bibi yangu."

Aliweka kijiko chini. Uso wake uliokuwa umeanza kupata rangi ukarudi kuwa wa kijivu. "Sikukuita, mama," akasema.

Baba mkwe hakunifukuza, ni mtu mwungwana, lakini hakujua tena aangalie wapi nikipita. Wanawake walinipisha ukingoni kwa heshima ambayo sikuiomba. Mume wangu aliona yote hayo. Siku moja nikamkuta anafunga misumeno na randa zake kwenye gunia. Tukapanda treni Lembeni, tukashuka Same, tukapata lori linalopitia Kisiwani, tukarudi Gonja kwetu. Aliacha ziwa lake kwa ajili yangu, na hakuniambia hivyo hata mara moja. Alitengeneza milango, viti vya kanisa na majeneza. Upepo ukivuma jioni aliweka chini kazi yake, akaja jikoni kuniangalia.

"Umesikia kitu?" aliuliza.

"Nimesikia mbuzi wa jirani," nilimjibu, na mara nyingi ilikuwa kweli.

Mimi nami nilikuwa na langu. Nilitaka akiri. Miaka yote ya ndoa yetu nilimwandama, mara kwa utani, mara kwa hasira, tukilima tangawizi, tukila, tukitoka ibadani. "Sema tu uliniita. Nani atakucheka?" Nilitaka iwe yeye. Kama ni yeye, basi akiwa nusu mfu aliivunja sheria ya kwao, kwa kuwa alijua kati ya wote waliosimama ukingoni ni mimi tu ningeitika. Nilitaka hilo kuliko watoto, ambao Mungu hakutupa. Na kama si yeye, basi kule kwenye mafunjo kuna kitu kinachojua jina langu, na nilikuwa nimekiambia niko hapa.

"Ningekuita, ningesema," alijibu kila mara. Na kila mara nilimwona mwongo.

Homa ya mapafu ilimchukua msimu wa baridi, bendera ya Mwingereza ikiwa bado juu ya boma la Same. Siku ya mwisho nilimwinamia, nikamuuliza tena. Sikuona aibu. Pumzi ilikuwa ndogo, midomo ikasogea, sauti haikutoka. Akainua mkono, akagonga mbao za kitanda alichokitengeneza mwenyewe: pigo refu, akatulia, mapigo mawili ya haraka. Nikampa maji. Hakuyanywa. Sikujua alitaka nini.

Matanga yalipokwisha nikaenda Jipe. Matembezi yalikuwa yanaendelea. Mashua ilikuwa ileile, imebadilishwa mbao kadhaa, na mwenye upondo alikuwa shemeji yangu, mdogo wa marehemu. Wageni wa siku ile walikuwa walimu watatu kutoka Same, waliovaa viatu vya Jumapili. Nikasema nami nitapanda. Shemeji alinitazama kwa muda mrefu, akanionyesha nafasi ya mbele. Kisha akasema maneno yale, neno kwa neno, hata pale pa kupumua, na ilinibidi nitazame milima mpaka amalize. Walimu walicheka, kama wazungu.

Tulizunguka. Tukaona viboko, tukaona ndege. Nilingoja tufike kwenye midomo ya vijia vya mitego, na nilingoja kivuli. Kilipotupita, vyura wakanyamaza, mimi nikasimama nikamwita mume wangu. Nilimwita jina lake la ubatizo, nikamwita na jina la ukoo wake, kwa sauti yangu yote.

Walimu waliacha kucheka. Shemeji akayapiga maji kwa kiganja, kofi kubwa, bila kunitazama. Nikaita tena. Mafunjo hayakusema kitu. Kivuli kilikuwa kimeshatuacha, kinakwenda zake Kenya, na nilihisi hasira ya kitoto ikinipanda, kwamba hata sasa, hata kwangu mimi niliyemwitikia, haitiki. Halafu nikakumbuka alivyolelewa.

Nikainama, nikagonga ubao.

Ubao ukagongwa. Haukuwa wa mashua yetu. Ulitoka ndani ya mafunjo, upande wa Ruvu, si mbali: pigo refu, kimya, mapigo mawili ya haraka. Shemeji alisikia, maana aligeuza mashua bila kuambiwa na akasukuma mpaka shati lake likalowa jasho. Mwalimu mmoja aliuliza kama kuna mtu kule.

Nililia mpaka ukingoni, na wale walimu walidhani ninaogopa. Mume wangu alikuwa amesema kweli miaka yote ile, nami nilimwita mwongo. Hakuniita. Yeye hugonga, hata kitandani aligonga. Sijapanda tena mashua, na lile jina alilonipa bibi yangu sijamwambia mtu mwingine yeyote.